Ustaarabu wa kubuni: ngazi ya zama au hesabu ya kuni?

Watu wakikusanyika kwenye mchezo wa kujenga ustaarabu wa kubuni hatua kwa hatua, tuseme zamu moja ni miaka 50, mzozo wa kwanza huwa mmoja: nani aruhusiwe kuvumbua nini, na lini?

Wengi hutumia ngazi: mawe, bronzi (mchanganyiko wa shaba na madini ya bati), chuma, mvuke. Mgeni anaielewa mara moja, na hakuna atakayeibuka na garimoshi zamu ya tatu. Lakini ngazi hiyo ni historia ya Mashariki ya Kati na Ulaya iliyogeuzwa sheria ya dunia nzima. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara iliingia kwenye chuma bila kupitia bronzi. Wahaya wa Kagera walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachoma matete shimoni, wakapenyeza mabomba ya udongo hadi ndani ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kufika kwenye makaa. Kwa sheria ya ngazi, mafundi hao wangeambiwa wasubiri bati kwanza!

Njia ya pili ni kudai mahitaji: mtapo, yaani mawe yenye madini, unatoka wapi, kuni ziko wapi, nani anaijua kazi? Chukua jembe la kilo 1. Kilo moja ya chuma inaweza kula kilo 10 za makaa, na kilo moja ya makaa yanayochomwa kwa kufukiwa udongo hutaka kilo 5 za kuni kavu au zaidi. Jembe moja, kuni kilo 50. Majembe 200, tani 10. Hapo mwenye msitu anapata sauti mezani.

Kosa linalojirudia sana ni kuandika kwamba wahunzi wa mwanzo "walimimina chuma kwenye kalibu", yaani umbo la kumiminia metali iliyoyeyuka. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, chuma kwenye 1,538. Tanuri dogo huzungukia 1,200, hivyo kinachotoka ni bonge lenye matundu, limejaa mavi ya chuma (takataka za mtapo), la kupondwa likiwa bado jekundu. China walimimina mapema kwa sababu chuma chao kilinyonya kaboni nyingi, na chuma cha namna hiyo huyeyuka karibu na 1,150.

Ubaya wa njia hii ya kudai mahitaji ni mzito pia. Hesabu zikizidi, zamu huchukua wiki nzima, watu wanaondoka mmoja mmoja, na anayejua metali anageuka hakimu wa wote. Hata hivyo naiona bora kuliko ngazi, mradi yahesabiwe mambo mawili tu, kuni na malighafi moja adimu. Mengine yapigiwe kura.

Malighafi ya kuanzia iwe bati. Liwekwe pembe moja ya ramani, shaba pembe nyingine. Bronzi hutaka takribani sehemu 1 ya bati kwa 9 za shaba, kwa hiyo wachezaji wawili watalazimika kupatana kabla shoka la kwanza halijatoka kwenye kalibu.