Gari la mwenye duka mlangoni mwa duka

Maegesho yanapojadiliwa Mombasa, lalama inayosikika zaidi ni moja: ada inafukuza wateja. Mwenye duka la leso Biashara Street anaamini hivyo, mwenye duka la vipuri anaamini hivyo, na mwakilishi wadi anayenusa uchaguzi hana sababu ya kuwapinga. Pendekezo la kuacha ada ya siku nzima na kutoza kwa saa ndilo lililo yatima katika mjadala huu. Likitajwa tu, watu huliona kama njama nyingine ya kaunti ya kuchota mifukoni mwao. Hoja za wanaolipinga ni nzito, na baadhi yake hazijajibiwa vizuri. Lakini ukilipigia hesabu pendekezo lenyewe, anayefaidika zaidi ni yule yule mfanyabiashara anayelikataa.

Sheria haina utata mkubwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti barabara zake, trafiki na maegesho. Kifungu cha 209(4) kinaziruhusu kutoza ada kwa huduma zinazotoa, na cha 210 kinazuia kodi au ada ya leseni isiyotokana na sheria. Wapinzani hulishika hapo neno "huduma". Mistari imefutika, masika yakianza nafasi inakuwa dimbwi, na kioo kikivunjwa hakuna wa kuulizwa. Huduma iko wapi? Ni swali la haki. Hata hivyo, anachonunua dereva anayesimama barabarani si ulinzi wala kivuli. Ananunua kukuta nafasi tupu anapofika, na hilo ndilo ada ya siku nzima haiwezi kumpa, hata mistari ikipakwa rangi kila mwezi.

Chukua mita 100 za ukingo mmoja wa barabara. Gari linaloegeshwa sambamba na njia linahitaji kama mita 6 ili liingie na kutoka bila kugusa la mbele, kwa hivyo mita hizo zinatoa nafasi 16. (Ukiyalaza magari kwa pembe ya digrii 45 utapata kama 27, lakini utakuwa umekula njia nzima ya kupita, na mitaa ya katikati ya mji haina upana wa kuchezea.) Tuseme nafasi 11 zimeshikwa na magari ya wenye maduka na wafanyakazi wao kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Zimebaki 5. Mteja hukaa kama dakika 45: achague, avutane bei, afungiwe mzigo, atoke. Kwa saa tisa, nafasi moja inapokea magari 12, na nafasi 5 zinapokea 60. Upande huo wa barabara hauwezi kupokea gari la sitini na moja la mteja, bidhaa ziwe nzuri vipi na bei iwe ya chini vipi.

Sasa yatoe yale 11. Nafasi 16 mara 12 ni magari 192. Hakuna mtaa unaojaa wote muda wote, na haifai ujae, kwa sababu nafasi moja au mbili zilizo wazi ndizo zinazomwezesha anayefika kuingia moja kwa moja badala ya kuzunguka Barabara ya Digo na kurudi, halafu kuzunguka tena. Tukichukua asilimia 85, kiwango ambacho wapangaji wengi wa miji hukilenga, tunapata magari 163. Kutoka 60 hadi 163, pasipo kumwaga hata ndoo moja ya lami.

Na pesa? Tuweke ada za mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Kwa shilingi 100 kwa siku, magari 11 na yale 60 yanaleta shilingi 7,100. Kwa shilingi 50 kwa saa, magari 163 yanaleta 8,150. Mteja amelipa nusu ya alicholipa jana, na kaunti imepata zaidi ya jana. Hata wateja wakiwa wachache kuliko hao, kaunti inafikia mapato yake ya zamani ikipata magari 142, yaani nafasi zikijaa kwa asilimia 74. Mtu mmoja tu ndiye atakayeumia: aliyeegesha saa tisa mfululizo, ambaye sasa anadaiwa 450 badala ya 100. Mtu huyo mara nyingi ndiye mwenye duka mwenyewe, au karani wake. Gari lililosimama mlangoni mwa duka lake tangu alfajiri ndilo lililomzuia mteja wake wa kwanza, wa pili, na hadi wa kumi na mbili.

Mtu anaweza kusema kwamba wateja hao 163 hawapo, na kwamba uchumi umewaangusha. Inawezekana, na jibu lake ni kuishusha bei ya saa, si kurudi kwenye ada ya siku. San Francisco ilipoanza mwaka 2011 kubadilisha bei kulingana na jinsi nafasi zinavyojaa, mtaa kwa mtaa na kipindi kwa kipindi cha siku, wastani wa bei ya saa barabarani haukupanda. Ulishuka kidogo, kwa kuwa mitaa mingi ilikuwa ikitozwa kupita kiasi. Wala malalamiko ya ukingo kuzibwa si mapya. Mita ya kwanza ya maegesho duniani ilisimikwa Oklahoma City Julai 1935, senti tano kwa saa, na chanzo chake kilikuwa wenye maduka waliochoka kuona wafanyakazi wa mjini wakiziba ukingo wa barabara kutwa nzima.

Kuna la tuktuk pia, ambalo husahaulika kwa sababu tuktuk haihesabiwi kuwa inaegesha. Wateja wengi wa katikati ya mji hawaji na gari lao, wanashushwa. Tuktuk inahitaji nusu dakika ya ukingo, mama ateremke na mtoto na mfuko. Ukingo ukiwa umejaa magari yaliyolala, inasimama katikati ya njia, na matatu iliyo nyuma inapiga honi, na foleni inaanza. Nafasi moja ya gari, kwa urefu wa mita 6, inaweza kupokea tuktuk nne zikiingizwa pua mbele. Ukitenga nafasi mbili tu kati ya zile 16 kwa kushusha na kupakia, umewafungulia mlango wateja ambao hawajawahi kuonekana katika hesabu yoyote ya maegesho.

Upande wa pili una hoja mbili ambazo mtetezi wa ada ya saa hapaswi kuzikwepa. Ya kwanza ni ya mtu mwenye shughuli nyingi. Ada ya siku inamruhusu kulipa mara moja, aingie benki Nkrumah Road, apite Marikiti kwa viungo, kisha aende Mwembe Tayari kuchukua mzigo. Akitozwa upya kila anaposimama, vituo vinne vya robo saa vitamgharimu shilingi 200 kwa saa moja tu ya kuegesha. Huo ni uonevu, na mfumo uliopangwa vibaya utaufanya. Dawa yake ni kuufunga muda na nambari ya gari badala ya kuufunga na nafasi: aliyenunua saa mbili azitumie popote ndani ya eneo la katikati, na gari likiondoka saa isimame hadi atakaposimama tena. Kama mtambo wa malipo hauwezi kusimamisha saa, basi iuzwe tiketi ya saa tatu kwa bei nafuu kuliko saa tatu mojamoja.

Ya pili ni ya mfanyakazi, na hii ndiyo nzito zaidi. Karani anayetoka Mtwapa au Mikindani hakuchagua gari kwa ufahari. Huenda ana mtoto wa kufikisha shule njiani, au anatoka kazini usiku. Ukimwondoa Biashara Street bila kumwonyesha pa kwenda, ataegesha Kizingo, Tudor au King'orani, mbele ya nyumba za watu, na ugomvi utakuwa umehamishwa tu. Kisiwa hiki hakina mahali pa kujinyoosha: lami inaingia kwa Daraja la Nyali na kwa Makupa, kusini kuna kivuko cha Likoni, na katikati ardhi ni ile ile. Kwa hivyo ada ya saa bila kibali cha mwezi cha bei ya chini pembeni mwa mji, kwa mwendo wa dakika kumi kwa mguu au safari moja ya tuktuk, ni kazi nusu. Na wakazi wa Mji wa Kale, ambao nyumba zao nyingi hazikujengwa kwa kuwaza gari, wapewe kibali chao cha mtaa, gari moja kwa nyumba, kabla ya siku ya kwanza ya utozaji, si baada ya maandamano.

Hofu ya rushwa nayo ina msingi. Ada ya siku ina swali moja: umelipa au hujalipa? Ada ya saa inaongeza la pili: umefika lini? Palipo na swali linalojibiwa kwa mdomo, pana noti inayopita mkono kwa mkono. Kwa hivyo muda wa kufika usitegemee neno la mhudumu wa maegesho. Apige picha ya gari likiwa na nambari, na kifaa kiweke saa chenyewe. Dakika 15 za mwanzo ziwe bure, kwa sababu ndani yake dereva anatafuta mtandao na kulipa. Dakika 10 kabla ya muda kuisha atumiwe ujumbe wa simu, na aweze kuongeza muda mara moja akiwa ndani ya duka.

Yatakayoharibika yanajulikana mapema. La kwanza ni nambari iliyoandikwa vibaya. Nambari ya kawaida ya gari Kenya ina herufi tatu, tarakimu tatu na herufi moja mwishoni, kwa hivyo mtambo unaweza kukataa tarakimu mahali pa herufi. Lakini hauwezi kujua kuwa KDB ilikusudiwa kuwa KDD. Dereva amelipa, pesa zimeingia kwa gari la mtu mwingine, na lake linafungwa gurudumu. Mtambo umwonyeshe anayelipa rangi na aina ya gari kabla hajathibitisha, na makosa ya aina hiyo yatapungua sana. La pili ni malipo yaliyotoka kwenye simu ya dereva ila hayajafika kwenye kifaa cha mhudumu. Muda ulioandikwa kwenye ujumbe wa malipo ndio uhesabiwe, na mhudumu alazimike kurudi kuangalia baada ya dakika 10 kabla ya kuchukua hatua yoyote. La tatu ni mawe, madumu na matairi kuukuu yanayowekwa kulinda nafasi. Hayo hayatibiwi na mtambo. Yanahitaji askari wa kaunti mwenye gari la kubebea takataka, kila asubuhi kabla ya saa mbili, mpaka wenye nayo wachoke.

Kisha kuna chuma cha kufungia gurudumu. Hapa kaunti inajipinga yenyewe. Kosa la anayepitisha muda ni kukaa kwenye nafasi ambayo mwingine anaihitaji. Ukimfunga gurudumu, umemlazimisha aendelee kukaa, pengine saa mbili zaidi, wakati anatafuta pa kulipa na kumsubiri mwenye ufunguo. Nafasi iliyopaswa kupokea karibu magari matatu imekufa kwa mkono wa anayeisimamia. Wanaotetea chuma husema bila hicho hakuna atakayelipa, na kwa madeni sugu wana haki. Basi kiachwe kwa gari lenye faini tatu au zaidi zisizolipwa. Kosa la kwanza liandikwe kwenye nambari ya gari tu, na gari liondoke.

Mzigo nao una saa zake. Kenta, yaani lori dogo, inayoshusha marobota saa nne asubuhi, imesimama sambamba na magari yaliyokwisha kuegesha, inafunga mtaa mzima, na hamali na mkokoteni wake hawana pa kupita. Kushusha kabla ya saa tatu, na nafasi moja ya mzigo ya dakika 30 baada ya hapo, kunatosha kwa mitaa mingi. Ijumaa, kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, utozaji usimame karibu na misikiti. Mtu asiwe kwenye sala huku akihesabu dakika. Na kumi la mwisho la Ramadhani, biashara ya Iddi inapopamba moto baada ya tarawehe, saa za utozaji zilizopangwa kwa mchana wa kawaida hazina maana hata kidogo: nafasi zinagombewa usiku, kukiwa hakuna mhudumu.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji kuaminiwa kwa neno la mchambuzi. Watu wawili, kalamu na daftari, Jumanne au Jumatano isiyo ya mwisho wa mwezi wala ya karibu na sikukuu, waupite mtaa kila nusu saa kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Hiyo ni mizunguko 21. Kwa kila nafasi waandike tarakimu tatu na herufi ya mwisho ya nambari, au mstari kama ni tupu. Gari linaloonekana mara 14 au zaidi si la mteja. Yahesabiwe magari hayo, yagawanywe kwa nafasi zilizopo, na asilimia itakayopatikana ipelekwe mbele ya kamati ya bunge la kaunti. Chama chochote cha wafanyabiashara kinaweza kuifanya kazi hiyo chenyewe kabla ya kwenda kutoa maoni juu ya mswada wowote wa ada, na kaunti inaweza kuifanya Biashara Street, Digo na Nkrumah kwa wakati mmoja, kabla haijaandika bei yoyote.