Kuhama sekta kwenye soko la hisa la Dar: gharama inayosahaulika

Mwaka 2015 benki ya CRDB iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa shilingi 350. Miaka minne baadaye hisa hiyo hiyo ilipatikana sokoni kwa chini ya 150, na kufikia mwisho wa 2024 ilishapita 600. Mtu akiitazama safari hiyo anajiuliza swali moja tu: kwa nini nisingetoka mapema na kurudi kwa wakati? Ndiyo maana mkakati wa kuhama sekta, yaani kuuza hisa za sekta moja na kununua za nyingine kadiri uchumi unavyopanda na kushuka, unazungumzwa sana siku hizi na wawekezaji wa Dar es Salaam, hasa vijana walioanza kununua hisa kwa simu kupitia programu ya Hisa Kiganjani. Nauunga mkono nusu, na ile nusu nyingine inanitia hofu kwa ajili ya fedha za watu.

Wazo lenyewe lina mashiko. Sekta hazipandi wala kushuka pamoja. Uchumi ukifufuka, benki, ujenzi na usafirishaji hutangulia. Ukidorora, fedha hukimbilia vyakula, umeme na dawa. Nchini Marekani mwaka 2022, hisa za nishati ndani ya S&P 500, faharasa ya kampuni kubwa 500 za huko, zilipanda kwa karibu asilimia 60 wakati faharasa nzima ilishuka kwa asilimia 19. Na mwaka 1999 watafiti Moskowitz na Grinblatt walionyesha kwamba sekta iliyofanya vizuri miezi ya karibuni huwa na mwelekeo wa kuendelea hivyo kwa muda.

Hata hapa kwetu dalili huonekana kwa anayefuatilia. Mwaka 2016 serikali iliagiza fedha za mashirika ya umma zihamishwe kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu. Mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, nayo ikapanda hadi kupita asilimia 10 ya mikopo yote, mara mbili ya kiwango cha asilimia 5 ambacho Benki Kuu inakitaka. Dalili hizo hazikuwa siri. Benki huchapisha hesabu zake magazetini kila robo mwaka, na uwiano wa mikopo chechefu umo humo humo. Uwiano huo ulipoanza kushuka, hadi chini ya asilimia 5 mwaka 2023, bei za hisa za benki zilikuwa zinapanda. Aliyeifuata tarakimu hiyo moja alikuwa na taa mkononi.

Tatizo linaanza unapotaka kuhama kweli. Chukua mwenye hisa za milioni 10. Kwa mwekezaji mdogo, kamisheni ya dalali pamoja na ada za soko na za mamlaka zinakaribia asilimia 2 kila upande. Akiuza, laki mbili zimekwenda. Akinunua sekta nyingine kwa kilichobaki, karibu laki mbili nyingine. Akihama mara mbili kwa mwaka amepoteza karibu asilimia 8 ya mtaji kabla hajapata kitu, na hiyo ni kama nusu ya riba ya asilimia 15.95 iliyokuwa ikilipwa na hatifungani (dhamana ya mkopo) ya serikali ya miaka 25 kabla haijapunguzwa mwaka 2022.

Halafu kuna ukwasi, yaani wepesi wa kuuza na kupata fedha taslimu. Hisa ya benki ya NMB ilikwama kwenye shilingi 2,340 mwaka 2019 hadi 2020, bei haitikisiki. Ubao ukisimama hivyo, bei unayoiona si lazima iwe bei utakayolipwa ukitaka kutoka na mzigo mkubwa wiki hii. Oda inakaa, inasubiri mnunuzi, na mzunguko uliokuwa unauwahi unakupita.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba sekta zetu nyingi ni kampuni moja au mbili. Ukisema unahamia mawasiliano, umenunua Vodacom. Ukisema saruji, ni Twiga ya pale Wazo Hill au Tanga. Huko hupati wastani wa sekta. Umebeba habari zote za kampuni moja, nzuri na mbaya. Waliotaka saruji tangu 2021 walijikuta wanafuatilia mpango wa Scancem, mmiliki mkuu wa Twiga, kuinunua Tanga: ukatangazwa, ukazuiwa na Baraza la Ushindani mwaka 2022, ukakamilika 2023. Hakuna mchoro wa mzunguko wa uchumi uliokuwa na nafasi ya mambo hayo. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyoigusa Vodacom, nayo ilitoka bungeni, haikutoka kwenye mzunguko wowote.

Na wenye masoko makubwa hawavuni kama tunavyodhani. Mtafiti Jacobsen na wenzake walipima Marekani kuanzia 1948 hadi 2007: mwekezaji anayejua bila kukosea lini uchumi unapanda na lini unashuka angezidi soko kwa asilimia 2.3 tu kwa mwaka. Kwa asiye na ujuzi huo wa kimuujiza, ziada hiyo inayeyuka haraka.

Kwa hiyo ningefanyaje? Ningehama kwa fedha mpya. Gawio (mgao wa faida kwa wanahisa) la benki nyingi huja baada ya mikutano ya wanahisa ya Mei na Juni, likiwa limekatwa kodi ya asilimia 5 tu kwa kampuni zilizoorodheshwa. Fedha hiyo, pamoja na akiba ya kila mwezi, ndiyo inayopelekwa kwenye sekta unayoona imeachwa nyuma. Unalipa ada upande mmoja, hulazimiki kutafuta mnunuzi, na ukikosea umekosea kwa sehemu ndogo. Kikapu kinabadilika polepole, labda miaka miwili au mitatu, ambayo ndiyo kasi ya soko letu lenyewe.

Kuhama kukubwa zaidi kwa mkazi wa Dar kuko kati ya hisa na hatifungani. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inatangaza riba yake, inayoongoza riba nyingine sokoni, kila robo mwaka: ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huo, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Mabadiliko hayo yanagusa benki, wakopaji na minada ya hatifungani kwa pamoja, na tarehe za matangazo zinajulikana mapema. Ningeanza kufuatilia hapo kabla ya kubishana kama bia itaishinda saruji.