Hujafungua Kitu, Unataka Hela ya Nini?

Magari ya kifahari yakizeeka bei yake huporomoka kuliko ya Toyota, ila spea zake zinabaki na heshima ileile ya zamani. Ndiyo maana Mercedes-Benz C200 Kompressor ya 2004 au 2005, ile ya umbo la W203, leo unaikuta ikishindana bei na Toyota IST ya mwaka huohuo. Watu wananunua. Haupiti muda taa ya injini inawaka, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, hujakanyaga mafuta) inacheza, asubuhi gari linamisi, na safari za gereji zinaanza. Mimi ni mmoja wa walionunua, na maoni niliyotoka nayo huko gereji mafundi wengine hawatayapenda, na wenye magari hawatayapenda zaidi: hitilafu nyingi tunazoziita sugu hazina usugu wowote. Zinadumu kwa sababu hakuna aliyelipwa kuzitafuta.

Injini ya gari langu ni M271, lita 1.8, silinda nne, yenye supachaja, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Mashine ya kusoma hitilafu ilipochomekwa ikatoa msimbo wa P0171. Msimbo huo unasema jambo moja tu: kwenye mchanganyiko hewa imezidi kiasi kinachofaa kwa petroli iliyopo. Hausemi sensa ya oksijeni imekufa, wala hausemi pampu imechoka. Gereji niliyoanzia ilisoma msimbo na hapohapo ikaandika kwenye karatasi, "sensa ya oksijeni". Ikafungwa mpya, msimbo ukafutwa, taa ikazimika, nikalipa. Taa iliporudi, zamu ikawa ya sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Zikafuata plagi na koili, kisha pampu ya mafuta. Kila kifaa kilikuja na maelezo yake, na kila maelezo yalitolewa kwa uhakika wa mtu anayesoma hukumu.

Kuna ujanja hapa ambao wenye magari wengi hawaujui, na sidhani kama kila fundi anayeutumia anajua kuwa anautumia. Ukifuta msimbo kwa mashine, unafuta pia masahihisho ambayo kompyuta ya gari ilikuwa imejifunza. Itabidi ianze upya kujifunza, na itahitaji safari kadhaa kabla haijaridhika kwamba kuna tatizo na kuwasha taa. Kwa hiyo kifaa chochote utakachobadilisha siku hiyo kitaonekana kimetibu. Hata ungebadilisha wipa, taa ingezimika. Kibaya zaidi, unapofuta unapoteza kumbukumbu ya hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea: injini ilikuwa na joto gani, mzunguko gani, imebeba mzigo kiasi gani. Huo ndio ushahidi wenyewe, nao unafutwa kabla mtu hajausoma.

Sensa ya oksijeni yenyewe naionea huruma. Kazi yake ni kunusa moshi na kuripoti. Petroli huungua vizuri kwa uwiano wa karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Hewa ikizidi, sensa inasema imezidi. Ilikuwa shahidi, wakaifanya mshtakiwa.

Kompyuta ikipata ripoti hiyo haikai tu. Inaongeza petroli ili kufidia, na kiasi inachoongeza inakiandika kwa asilimia. Namba hiyo ndiyo dawa ya ubishi wote, na huhitaji mashine ya mamilioni kuiona. Kifaa kidogo cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa Bluetooth kinatosha. Kwenye gari langu, likiwa kwenye sailensa, kompyuta ilikuwa inaongeza zaidi ya asilimia 20. Ukikanyaga mafuta taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kushikilia hapo, namba inashuka mpaka karibu na sifuri.

Hapo kesi imeshaanza kujieleza. Kama pampu ingekuwa dhaifu, mambo yangekuwa mabaya zaidi injini inapodai mafuta mengi, yaani namba ingepanda badala ya kushuka. Sensa ya hewa ikichafuka nayo kwa kawaida hudanganya zaidi kadiri hewa inavyoongezeka. Hitilafu inayouma kwenye sailensa na kupoa ukikanyaga mafuta ina tabia ya tundu: kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kupimwa. Kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo, hivyo hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Kwenye mizunguko mingi hewa halali inakuwa nyingi mno, na ile ya wizi haina uzito tena. Hakuna boliti iliyofunguliwa, hakuna shilingi iliyokwenda kwenye spea, na tayari vifaa vyote vilivyokuwa vimebadilishwa vimesafishwa jina.

Tundu lilipatikana kwa moshi. Fundi mmoja wa umeme wa magari, kijana mwenye kibanda tu, alikuwa amejitengenezea mashine ya moshi kwa kopo la rangi, mafuta ya watoto na hita plagi ya gari la dizeli iliyounganishwa kwenye betri. Akapuliza moshi kwenye njia ya hewa injini ikiwa imezimwa, tukasubiri. Ukachungulia kutoka chini ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), nyuma kabisa, mahali ambapo mkono haufiki na tochi haisaidii. Pale kuna mpira wa kupumulia wa injini, wenye kona, unaorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa. Kwenye M271 mpira huo hulainika kwa oili na joto la miaka mingi, halafu hupasuka. Wenye magari haya Ulaya wanaujua vizuri. Bei yake ukiilinganisha na sensa ya hewa pekee utacheka, au utanuna, inategemea ulishalipa nini.

Gari likatulia, lakini halikupona lote. Taa ikarudi, safari hii na malalamiko ya umeme wa sensa ya oksijeni, ile mpya. Kwa mtindo wa gereji ya kwanza hapa tungenunua nyingine. Yule kijana akachomoa soketi yake na kunionyesha: imelowa oili. Oili kwenye soketi ya umeme, mbali kabisa na mahali oili inapotakiwa kuwa. Ilifikaje?

Mbele ya injini hiyo, juu, kuna sumaku mbili zinazorekebisha kemshafti, mihimili inayofungua valvu. Nyuma ya kila sumaku kuna oili, mbele yake kuna soketi ya waya. Sili ya ndani ikichoka, oili inapenya kwenye soketi, inaingia kwenye nyuzi za shaba ndani ya waya, na kuanzia hapo inasafiri yenyewe polepole, chini ya plastiki, usiione kwa nje. Inaweza kufika kwenye soketi za sensa na hata kwenye kontroo boksi, kompyuta yenyewe ya injini. Sensa nyingi za oksijeni huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia nyaya zake zenyewe, kwa hiyo oili ikifika huko inaziba pumzi ya sensa na vipimo vinapotoka. Ndipo unapata gari linalokula sensa mpya. Mwenye gari anasema Benzi haina maana. Fundi anasema spea za siku hizi feki. Na oili inaendelea na safari yake.

Tiba inajulikana: sumaku mpya, na kipande kifupi cha waya cha ziada kati ya sumaku na nyaya za injini, ili oili ikivuja tena iharibu hicho kipande na si nyaya zote. Nyaya zilizokwisha kunywa oili ni habari nyingine. Zinasafishwa, zinaning'inizwa, zinaangaliwa tena, na huwezi kumwahidi mtu tarehe. Lakini kuchomoa soketi ya sumaku na kuifuta kwa tishu nyeupe ni kazi ya dakika mbili. Kama una C180 au C200 Kompressor, fanya leo, kabla taa haijawaka.

Nimeikalia Benzi kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo, ila mantiki ni ileile kwa wengine. BMW E46 yenye injini ya M54, silinda sita, mara nyingi hutoa P0171 na P0174 kwa pamoja; huo wa pili ni malalamiko yaleyale, ila kwa upande wa pili wa injini. Misimbo miwili, na gereji inafurahi: sensa mbili! Wakati kule kutokea pamoja ndiyo habari yenyewe. Pande zote mbili za injini haziwezi kuugua siku moja kwa bahati. Tafuta kitu wanachokula pamoja. Mara nyingi ni mpira wa hewa kati ya sensa ya hewa na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), umepasuka kwenye mikunjo kwa chini, na huoni mpaka uukunje kwa mkono. Na Benzi za zamani zaidi, W124 na W140 za katikati ya miaka ya 1990, zina nyaya za injini ambazo ngozi yake inakauka na kubanduka kama karanga. Hapo unaweza kubadilisha kila sensa iliyopo sokoni, nyaya zinagusana tu.

Sasa kwa nini gereji hazifanyi hivi? Watu husema mafundi wetu hawajasoma. Si kweli, au si kweli yote. Umeme wa magari unafundishwa VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi, na mtaani kuna vijana wanaojua kusoma namba hizi kuliko gereji zenye vigae na kiyoyozi. Tatizo lipo kwenye risiti. Fundi anaweza kukaa saa tatu na gari lako, akachungulia, akapima nyaya kwa multimita, akapuliza moshi, akapata mpira wa bei ya chakula cha mchana. Akikwambia ufundi ni elfu themanini, unamjibu nini? "Hujafungua kitu, unataka hela ya nini?" Nimeisikia kauli hiyo kwa masikio yangu, imetolewa na mtu aliyetoka kulipa mara kumi ya hapo kwa pampu asiyoihitaji, na hakulalamika, kwa sababu pampu aliiona, ilikuwa kwenye boksi.

Tumewafundisha mafundi kwamba kufikiri ni bure na boksi ndilo lenye bei. Fundi naye ana kodi ya kibanda na ana watoto. Anajifunza haraka: akibahatisha anapata sehemu yake kwenye bei ya spea pale Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, pamoja na hela ya kufunga, na taa ikirudi anapata tena. Akitafuta tatizo kwa uaminifu anapata maneno. Katika mpangilio huo mwaminifu ndiye anayekufa njaa, na anayekuuzia sensa ya tano si lazima awe mwizi. Wengine ni watu wazuri tu wanaouza kitu pekee tunachokubali kununua.

Wapo wezi pia. Kuna ushauri unaotolewa kwa karibu kila gari la zamani lenye taa ya injini: "Toa masega, bosi, yanaziba pumzi." Masega, yaani kile kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi, yanaweza kuziba, hilo ni kweli, na kuna namna ya kupima mgandamizo wa moshi kabla ya kukata chochote. Lakini masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wanajulikana. Fundi akishauri yatolewe bila kupima, halafu akajitolea kuondoka nayo ili "asikuchafulie nyumba", muulize tu masega yanabaki kwa nani. Utaona jinsi ugonjwa unavyobadilika.

Sasa hivi sipeleki gari kabla hatujakubaliana bei ya uchunguzi peke yake, iwe kitu kitabadilishwa au la, na masharti yangu ni mafupi. Msimbo usifutwe kabla ya kupigwa picha pamoja na kumbukumbu yake. Nionyeshwe namba, kwenye sailensa na kwenye mizunguko 2,500. Na kabla kifaa hakijanunuliwa niambiwe ni kipimo gani kimekitia hatiani. Mafundi wawili wameninunia. Wa tatu alicheka, akasema hajawahi kuulizwa hivyo, akavuta kiti.

Jambo moja tu lisisubiri mazungumzo haya marefu. M271 ikilia cheni (ile inayozungusha kemshafti) kwa sekunde kadhaa asubuhi ukiiwasha ya baridi, na mashine ikisema kemshafti hailingani na kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, usikubali kuuziwa sensa ya kemshafti kwanza. Cheni za injini hizi hurefuka na gia zake za kemshafti huliwa meno. Ikiruka, valvu zinagonga pistoni, na hapo hakuna cha kuchunguza tena, ni kutafuta injini.

Rafiki zangu wananiambia niuze ninunue IST nipumzike. Sina ugomvi na IST. Ila IST ya 2004 nayo ina zaidi ya miaka ishirini, mipira yake ya hewa imezeeka vilevile, na ikivuta hewa ya wizi inatoa P0171 ileile. Jirani yangu anayo. Wiki iliyopita kauziwa sensa ya oksijeni.