Hela ya mkopo iende kwa mwenye kazi, sio vikundi hewa
Kuna makala inasema mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri itapunguza tatizo la ajira, sawa, ila ilisimamishwa 2023 baada ya CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya Tanzania, kuibua mambo ya vikundi hewa. Asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu na riba hakuna, hapo sina neno. Shida ni masharti ya kikundi jamani, fundi wa kuchomelea ana oda za mageti ila hana mashine, anaambiwa alete wenzake, basi anaokota washkaji ambao hata kushika elektrodi hawajui, hela ikitoka wanagawana kila mtu na lake. Marejesho mtamdai nani? Mpeni mashine yenyewe sio keshi, muone kama hataajiri madogo wawili watatu pale pale kijiweni