Kulala kwenye kempa si posho ya bure

Picha za kempa zikifika Tanga, watu hugawanyika. Wengine husema mtu kaumbuka, yuko Marekani halafu analala garini. Wengine husema kapatia, anapokea posho na kodi ya nyumba halipi. Hawa wa pili ndio wanaopotosha vijana zaidi.

Kempa ni kijumba kinachoketi kwenye bodi ya pikapu: kitanda juu ya kichwa cha gari, jiko la gesi, sinki, pengine na choo kidogo. Wachomeleaji, mafundi bomba na mafundi umeme wanaohama na miradi hulala humo ili wasilipe gesti. Mwajiri hutoa posho kama ile yetu ya kujikimu, basi hesabu inaonekana nyepesi mno.

Kwetu kibarua aliyetoka mbali zamani alipewa nafasi kwenye kambi ya mkonge, leo anapanga chumba Ngamiani au Makorora. Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo inauma, sikatai. Lakini ukishalipa una bomba uwani, una LUKU, una choo, na una jirani atakayegonga mlango usipoonekana mpaka saa nne asubuhi. Kwenye kempa TANESCO ni wewe, mamlaka ya maji ni wewe, na gari la kunyonya choo ni wewe. Zamu hiyo inaanza ukishatoka kazini, na hailipwi.

Tupime umeme kwa lugha ya LUKU. Betri moja ya volti 12 yenye ampia-saa 100 ikijaa ina uniti 1.2. Ikiwa ni betri ya maji ya kawaida, tumia nusu tu. Ukiikausha kila usiku haidumu. Zimebaki uniti 0.6, yaani ampia-saa 50. Feni ya hita, yaani kipasha joto cha chumba, ikivuta ampia 4 kwa saa 7 za usiku imekula ampia-saa 28, zaidi ya nusu ya akiba yako, na bado taa, simu na pampu ya maji. Betri ya lithiamu inakuachia karibu umeme wake wote, ila ikichajiwa nyuzi zikiwa chini ya sifuri inaharibika kwa ndani. Kwa hiyo ikae ndani penye joto, isikae kwenye kasha la nje.

Gesi nayo inakwenda. Mtungi wa huko ni wa kilo 9, kati ya wetu wa 6 na wa 15. Hita ya BTU 20,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) ikiwaka nusu ya muda tu, mtungi huo haumalizi siku mbili. Mtungi wa kilo 15 unaopikia familia nzima Chumbageni kwa wiki kadhaa, huko ni baridi ya siku tatu.

Uzito ndio unaovunja springi na kupasua matairi. Soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva: kinataja kilo ambazo watu na mizigo yote hawatakiwi kuzizidi, na dereva anahesabiwa. Muuzaji hutaja uzito wa kempa ikiwa tupu. Tuseme ni kilo 1,000. Ongeza maji lita 110, yaani ndoo tano na nusu (kilo 110), mitungi miwili iliyojaa (34), betri mbili (54), mtu (80), zana za kazi (120), na chakula, nguo na godoro (70). Umefika kilo 1,468. Pikapu nyingi za kawaida hubeba kati ya 600 na 900.

Lakini linalowashinda wengi ni mvuke, na hapo mtu wa pwani angepaswa kuwa mwalimu. Mtu mmoja akilala hutoa kwa pumzi na jasho karibu robo hadi nusu lita ya maji kwa usiku. Kilo moja ya gesi ikiungua jikoni hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke. Hita iliyofungwa vizuri hutoa moshi wake nje kwa bomba, jiko halina bomba. Sasa mtu anaona baridi, anaziba kila tundu, anawasha jiko apate joto. Asubuhi dirisha linatiririka maji, na ukiinua godoro unakuta ubao umelowa na kuvu nyeusi imeanza pembeni. Kitanda cha kamba kingekuwa na hewa chini. Dawa yake ni hiyohiyo: weka vipande vya mbao chini ya godoro, uwazi wa sentimita tatu hadi tano, kisha acha dirisha moja na tundu la juu wazi vidole viwili, hata kukiwa na barafu. Utachoma gesi zaidi, lakini utalala pakavu.

Na si ukavu tu. Lushoto wanajua jiko la mkaa linavyoua ndani ya chumba kilichofungwa. Jiko la gesi ndani ya kempa iliyozibwa linaweza kufanya vivyo hivyo. Funga king'ora cha hewa ya sumu karibu na kichwa cha kitanda, na kingine cha gesi karibu na sakafu, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa chini.

Kwa hiyo mdogo wangu unayengoja viza, usiulize posho ni shilingi ngapi kwa siku ukaishia hapo. Uliza kama inalipwa Jumapili na siku ambazo mvua imesimamisha kazi, maana ipo mikataba inayolipa siku ulizofanya kazi tu, na hita haijui Jumapili. Uliza utaegesha wapi: kwenye ardhi nyingi za serikali kuu kikomo ni siku 14, kisha uondoke. Halafu dai nguzo ya umeme ya ampia 30, bomba lisiloganda na mahali pa kumwaga maji ya choo, viandikwe kwenye mkataba kuanzia Novemba hadi Machi, na gharama yake isitoke kwenye posho.