Karatasi ya mlangoni

Jana jioni nimekuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa jengo letu hapa Moscow. Maji ya moto yatakatwa tarehe 17 Juni, yatarudi tarehe 26. Nikaisoma mara mbili, mifuko ya sokoni bado mkononi. Mama wa ghorofa ya tatu akapita analalamika: siku kumi nzima! Nilitaka kumwambia kwetu Tabata, Dar es Salaam, huwa ni siku ngapi, nikanyamaza. Ningeanzia wapi?

Huku joto la maji halitoki nyumbani kwako. Linatoka kwenye mitambo mikubwa, linasafiri kwa mabomba chini ya barabara mpaka kwenye majengo. Kila kiangazi wanayafunga, wanayapima kwa presha kubwa wajue wapi pamechoka, maana bomba likipasuka Januari, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, hapo si shida ya kuoga tena. Kanuni inataka wasizidishe siku 14. Moscow huwa 10.

Siku hizo utaona masufuria jikoni, watu wanajimwagia kwa kata. Naam, Warusi wana kata yao, wanaiita kovsh. Wenye dacha, yaani kijumba cha shamba nje ya mji, wanakimbilia huko kwenye banya, bafu la mvuke la kuni, wanajichapa kwa matawi ya majani mabichi. Ukitoka unaambiwa s lyogkim parom, kukupongeza kwa kuoga. Nalipenda sana neno hilo.

Sasa najua mtakavyoniandama. Kala mkate mweusi miaka sita, keshatuona washamba. Jamani, mimi nimekulia kwenye foleni ya bomba, utosi wangu unaujua uzito wa ndoo. Mwingine atasema Urusi ina gesi na mafuta, sisi tuna nini? Lakini sizungumzii mitambo. Nazungumzia karatasi moja na gundi. Bei yake haifiki chapati. Anayeibandika amekubali kwamba mimi nina ratiba, nina mtoto wa kuogesha, nina nguo za kufua, na kwamba ana deni la kuniambia.

Na msinitajie ubaridi wao, naujua. Kuna mzee tunapanda naye lifti miaka yote hii, salamu yangu anaijibu kwa kichwa tu, akijibu. Inaniuma. Tabata maji yakikatika, mama wa nyumba ya pili anabisha hodi na dumu lake la akiba kabla hujaomba. Huku sijaliona hilo, na hakuna bomba nitakalokubali kubadilishana nalo. Ila tumeufanya wema wa yule mama kuwa kisingizio. Kwa kuwa yeye atatugawia, hakuna anayeulizwa kwa nini hatukuambiwa. Mpaka lini yeye ndiye awe mamlaka ya maji ya mtaa mzima?

Dada yangu ameniambia leo kwamba ameamka tena saa tisa usiku kusikiliza kama bomba linakoroma. Ana miaka 51. Anaamka hivyo tangu mimi sijamaliza darasa la saba. Nikaipiga picha ile karatasi, nikamtumia, nikamtafsiria.

Akajibu: “Mdogo wangu, hata siku ya kurudi wameandika?”