Ami yangu naye alipwe

Njia yangu ya kazini hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, inafuata mto Raccoon. Nje ya mji, kati ya maji na mahindi, kuna ukanda wa majani marefu usioguswa na trekta. Mwaka wa kwanza nilidhani mwenye shamba kazembea. Kumbe analipwa! Tangu 1985 serikali kuu ina mpango wa kukodi ardhi kama ile kwa mkulima, mkataba wa miaka 10 hadi 15, na fedha anapokea kila mwaka. Majani yanazuia udongo usiingie mtoni, mizizi inanyonya mbolea njiani, na ndege wanataga humo bila ya kubughudhiwa.

Kila nikipita namkumbuka ami yangu, kule Mwera, Unguja. Shamba ni la eka tatu, zile zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na sasa limeshakatwa vipande vya watoto na wajukuu. Analima mpaka ukingoni mwa mto kwa sababu hana pengine. Wanakuja watu na semina na bango la marufuku, wanamwambia arudi nyuma. Mpunga wa sehemu ile nani atamlipa? Hilo halizungumzwi. Kisha anaitwa mkaidi. Mimi sikubali.

Na si kwamba hatujui kufanya. Kwenye msitu wa Jozani, huko huko Unguja, wakulima wanaoliwa mazao yao na kima punju wamewahi kupewa sehemu ya viingilio vya wageni, na kima wale, ambao asili yao ni Unguja tu, bado wapo. Ikiwa kima analipiwa, maji je?

Iowa nako kuna kasoro. Mpango ni wa hiari, wengi hawajajiunga, na naitrati, kemikali za mbolea zinazotoka mashambani, ziliifanya Des Moines ijenge mtambo mkubwa wa kuzichuja, 1991. Kule Unguja, mji wetu umekunywa maji ya chemchem za Bububu tangu enzi za Sayyid Barghash, bila ya mtambo kama huo. Mgeni wa hoteli hutumia maji mara nyingi zaidi ya mwanakijiji. Kiasi kidogo juu ya bei ya chumba kingetosha kuanza kuwalipa wakulima wa bonde moja.

Wiki iliyopita ami aliniuliza ukanda wa huku una upana gani. Nikamwambia, kama hatua 30. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hiyo ni nusu ya konde lake.